Mwendeshaji mzito na shokapu za mbele: kwa nini oili nzito haitibu tatizo

Vijiweni kwa bodaboda na kwenye makundi ya wapenda pikipiki kuna swali lisiloisha. Mtu ana kilo 100 na zaidi. Akishika breki, pikipiki inainama mbele. Akipita kwenye shimo dogo tu, shokapu zinagonga "ka!" hadi anasikia mikononi. Afanyeje? Majibu yanakuja upesi na kila moja linapingana na jingine: weka oili nzito, ongeza oili, weka kipande cha bomba juu ya springi, kata springi, nunua shokapu za pikipiki kubwa. Kila jibu lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana mjadala hauishi. Shida ni kwamba majibu hayo yanatibu magonjwa tofauti, na mtu akikosea ugonjwa atatoa pesa na bado shokapu zitagonga.

Nitatumia mfano wa pikipiki za aina ya Boxer 150 na TVS HLX, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu na watu wanazijua. Kanuni ni zile zile hata kwa pikipiki kubwa.

Tuanze na kilichomo ndani. Shokapu ya mbele ina miguu miwili, na kila mguu ni bomba la chuma linalong'aa linaloingia ndani ya bomba nene lililoshika ekseli ya gurudumu. Pale yanapokutana kuna sili ya mpira inayozuia oili isitoke. Ndani mna springi ndefu, oili, na fimbo yenye matundu madogo iliyofungwa kwa bolti upande wa chini. Juu ya oili kuna hewa, na hewa hiyo haikusahaulika humo, ina kazi yake. Tutaifikia.

Jambo la kwanza kulishika, na ukilishika hili nusu ya mkanganyiko inaisha: springi inabeba uzito, oili inazuia kasi. Chukua bomba la sindano la hospitali, lijaze maji, usukume taratibu. Maji yanatoka bila ubishi. Sukuma kwa nguvu ghafla, linakataa. Sasa weka asali badala ya maji: kusukuma kutakuwa kugumu zaidi, lakini ukikiegemeza kidole hapo bila kukiondoa, bomba litafika mwisho tu. Oili ya shokapu ndivyo ilivyo. Inapita kwenye vitundu vya ile fimbo, na kadiri shokapu inavyobonyea kwa kasi ndivyo inavyokataa. Ukikaa juu ya pikipiki iliyosimama, oili haikubebi hata gramu moja. Uzito wako wote upande wa mbele uko juu ya springi mbili, pamoja na msaada kidogo wa hewa iliyobanwa.

Kuna maneno matatu yatakayotusaidia huko mbele. Ugumu wa springi ni kilo ngapi zinahitajika kuibonyeza milimita moja. Mbano wa awali ni kiasi ambacho springi imeshabanwa na kifuniko cha juu kabla hujakaa juu ya pikipiki. Mzamo ni umbali ambao shokapu inashuka ukiwa umekaa, kuanzia pale ilipokuwa imenyooka kabisa. Kwa matumizi ya barabarani mzamo mzuri wa mbele huwa karibu robo hadi theluthi ya nafasi yote ya kucheza. Shokapu za mbele za pikipiki hizi huwa na nafasi ya milimita 120 hivi, kwa hiyo tunatafuta mzamo wa milimita 30 hadi 40.

Sasa tupige hesabu, kwa namba za mviringo zinazokaribia hali halisi. Pikipiki ina kilo 120. Kila springi ya mbele inahitaji nusu kilo kubonyea milimita moja. Ziko mbili, kwa hiyo mbele yote ni kilo moja kwa milimita moja. Mwendeshaji wa kilo 70 akikaa, mzamo ni milimita 35. Yuko vizuri.

Akija wa kilo 110, ameongeza kilo 40. Si zote zinazokwenda mbele. Kwa jinsi tunavyokaa, sehemu kubwa ya mwili inaangukia gurudumu la nyuma, na mbele zinafika kama kilo 15. Kilo 15 ni milimita 15, kwa hiyo mzamo sasa ni 50. Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni kitu kidogo.

Shika breki. Ukipunguza mwendo kwa nguvu, uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa breki kali ambayo bado haijafunga tairi, na kwa kimo na urefu wa kawaida wa pikipiki hizi, kinachohama ni kama robo ya uzito wote. Kwa mwendeshaji wa kilo 70 jumla ni kilo 190, kwa hiyo kilo 47 zinahamia mbele na shokapu inashuka milimita 47 zaidi. Jumlisha na mzamo wake wa 35 unapata 82. Amebakiwa na milimita 38 za kumeza shimo. Kwa mwenzake wa kilo 110 jumla ni 230, zinahama 57, na ukiongeza mzamo wa 50 unapata 107. Amebakiwa na milimita 13, ambazo ni nyembamba kuliko kidole gumba. Akikutana na shimo huku ameshika breki, hana pa kwenda. Chuma kinakutana na chuma, ndiyo ile "ka!"

Hesabu hii imeacha kando mlalo wa shokapu na hewa iliyomo ndani, ambavyo vinabadilisha namba kidogo, lakini picha ni hiyo. Na ieleweke kwamba mwendeshaji hana kosa lolote. Kiwanda kililazimika kuchagua springi moja kwa watu wote, kikachagua ya katikati.

Hapo ndipo imani ya oili nzito inapoanguka. Weka oili nzito uipendayo, mzamo wa mtu wa kilo 110 utabaki milimita 50. Akishika breki, shokapu itashuka taratibu zaidi, lakini breki ikidumu sekunde mbili itafika pale pale kwenye 107. Alichopata ni kuchelewa kufika. Alichopoteza ni kikubwa zaidi, kwa sababu katika shokapu hizi za fimbo yenye matundu ukinzani unapanda vibaya: kasi ya kubonyea ikizidi mara mbili, ukinzani unazidi karibu mara nne. Kwenye shimo lenye kingo kali oili nzito haiwahi kupita tunduni, shokapu inakuwa kama nondo, na kishindo chote kinahamia viganjani na mabegani.

Kuna madhara mengine ambayo watu huyasikia lakini hawayaunganishi na oili. Pita kwenye rasta za barabara kuu, zile mfululizo kabla ya kituo cha mizani au kivuko cha watoto wa shule. Kila rasta inaibonyeza shokapu, na kabla ya rasta inayofuata inatakiwa iwe imerudi juu. Oili ikiwa nzito kupita kiasi hairudi kwa wakati. Rasta ya pili inaikuta chini kidogo, ya tatu chini zaidi, na kufikia ya sita unaendesha juu ya shokapu iliyokwisha kujikunja. Dereva analalamika kuwa shokapu ni ngumu, fundi anapima anaona zimelala chini. Wote wawili wanasema kweli.

Hili la oili lina mkanganyiko mwingine ndani yake, nalo ni namba za uzito zilizoandikwa kwenye chupa: namba ikipanda, oili ni nzito zaidi. Chupa ya oili ya injini imeandikwa 20W-50, chupa ya oili ya shokapu imeandikwa 20W, na mtu anaona zinalingana. Hazilingani, kwa sababu mizani si moja. Zikiwa na joto la kawaida la kazi ya shokapu, oili ya injini ya 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya oili ya shokapu ya 20W, na mara kadhaa ya ile ya 10W. Anayemimina mabaki ya oili ya injini kwenye shokapu ameruka ngazi nyingi kwa mkupuo mmoja. Kama oili ya shokapu haipatikani mtaani kwako, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ATF, inakaribia sana 10W; miongozo ya Honda ya miaka ya 1970 iliitaja wazi kwa ajili ya shokapu za mbele. Kwa mwendeshaji mzito aliyebadilisha springi, kupanda ngazi moja, kutoka 10W kwenda 15W, kwa kawaida kunatosha, kwa sababu springi ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi na inahitaji kuzuiwa zaidi. Agizo la oili linafuata springi. Halitangulii.

Vipi kuhusu kipande cha bomba juu ya springi? Hapa nitakuwa mpole, maana dawa hii inasaidia kweli, ila si kwa namna inayosemwa. Ukiongeza kipande cha milimita 15 umeongeza mbano wa awali. Springi haijawa ngumu hata kidogo: bado ni kilo moja kwa milimita moja. Ulichofanya ni kuinyanyua pikipiki ianzie juu. Mzamo wa mtu wa kilo 110 unarudi 35, akishika breki anashuka zile zile 57, anafika 92, na anabakiwa na milimita 28. Ni afadhali kuliko 13. Kwa mtu aliyezidi uzito wa kawaida kwa kilo 10 au 15, kipande kifupi kinaweza kumaliza kazi kwa gharama ndogo sana. Mzito zaidi ya hapo, kila breki itaendelea kumwinamisha vile vile. Tena ukirefusha kipande kupita kiasi, mizunguko ya springi itagusana yote kabla shokapu haijafika mwisho wake, na hapo unaanza kuua springi na kifuniko cha juu.

Springi ngumu ndiyo inayojibu swali lililoulizwa. Tuseme tumeweka springi za kilo 0.6 kwa milimita badala ya 0.5, yaani mbele yote kilo 1.2 kwa milimita, na mbano wa awali umebaki vile vile. Mzamo unarudi 35. Breki inazamisha 48 badala ya 57. Jumla 83, na zinabaki 37. Mtu wa kilo 110 amepata karibu pikipiki ile ile aliyonayo wa kilo 70. Ni asilimia 20 tu ya ugumu.

Ugumu huo unaupata wapi? Kwa pikipiki kubwa jibu ni jepesi: watengenezaji kama Öhlins, Hyperpro na YSS huuza springi za mbele, na kwa modeli nyingi unaweza kuchagua kufuatana na uzito wako. Kwa Boxer na wenzake mara nyingi utategemea springi za pikipiki nyingine zenye kipenyo kinachoingia, na hapo usinunue kwa macho. Nenda dukani na venia, kile kifaa cha kupimia unene hadi sehemu ndogo za milimita. Ugumu wa springi unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne (unene × unene × unene × unene), kwa hiyo tofauti isiyoonekana kwa jicho ni kubwa sana kikazi. Waya wa milimita 4.2 ukilinganishwa na wa milimita 4.0, mengine yote yakiwa sawa, unatoa springi ngumu zaidi kwa karibu asilimia 22. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta, na ni sehemu mbili za kumi za milimita! Pima waya, pima kipenyo cha nje, hesabu mizunguko, pima urefu ikiwa huru. Springi pana zaidi ni laini zaidi, yenye mizunguko mingi ni laini zaidi. Springi nyingine zina upande mmoja wenye mizunguko iliyobanana; wanaobishana upande huo ukae juu au chini wasiumize kichwa kuhusu ugumu. Springi inasukuma sawa pande zote. Fuata mwongozo tu.

Kukata springi nako kunachekwa na wengi, ilhali kimahesabu ni sahihi. Springi ya mizunguko 50 ikikatwa 8 ikabaki 42, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 19. Urefu uliopotea unaujaza kwa bomba lenye ncha zilizonyooka. Mafundi wengine hukata wakasahau kujaza, pikipiki ikalala, ndipo njia hiyo ikapata jina baya. Lakini kila mzunguko uliobaki unafanya kazi zaidi ya ule uliotengenezewa, na nafasi kati ya mizunguko imepungua, kwa hiyo lazima uhesabu kwanza kama haitagusana kabla ya mwisho. Ncha iliyokatwa isawazishwe na isikwaruze ukuta wa bomba. Mimi ningeiweka njia hii mwisho, kwa asiyepata springi nyingine kabisa, na mkononi mwa fundi mwenye subira.

Turudi kwenye ile hewa. Shokapu inapobonyea, hewa iliyo juu ya oili inabanwa na kuwa springi ya pili, laini mwanzoni na ngumu sana mwishoni. Ukipandisha usawa wa oili, hewa inapungua, na ule mwisho wa safari unakaza mapema zaidi. Kwa shokapu ambayo iko sawa kila mahali ila inagonga mara moja moja kwenye mashimo makubwa, hii ndiyo dawa yake: pandisha oili milimita 5, jaribu, ukihitaji ongeza 5 nyingine. Usawa unapimwa springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa hadi mwisho, kutoka mdomo wa bomba kushuka hadi kwenye oili, na miguu yote miwili ilingane. Wale wanaosema "jaza tu" wanasahau kuwa oili haibaniki. Hewa ikiisha, shokapu inagota katikati ya safari na kinachoachia ni sili. Oili inayovuja kwenye sili inatiririka kuelekea gurudumu, na breki ya mbele iko huko huko.

Kabla ya yote hayo, pima mzamo wako. Inahitaji kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, rula, na watu wawili wa kusaidia. Funga kamba kwenye lile bomba linalong'aa, isikaze sana. Mmoja anyanyue pikipiki hadi gurudumu la mbele liache ardhi, sukuma kamba ikae juu ya sili, kisha ishusheni taratibu bila kudundisha. Panda na nguo na mzigo unaobeba siku zote, mtu akushikilie wima, miguu yako ikae kwenye vikanyagio. Shuka polepole, mnyanyue tena, upime kutoka kwenye sili hadi kwenye kamba. Hiyo ndiyo namba yako. Fundi akikwambia, "Bosi, tuongeze tu oili, itakaa sawa," mwambie, "Fundi, tupime kwanza," na mpime pamoja. Fundi mzuri hatachukia. Wengi wataipenda hiyo kamba.

Pima na nyuma pia, kwa sababu nyuma ndiko zilikoangukia zile kilo 25 nyingine. Watu wengi hukaza mbele wakaacha nyuma imelala. Matokeo yake pikipiki inakaa imeinua pua, usukani unakuwa mwepesi na mvivu kuingia kona, na taa ya usiku inawachoma macho wanaokuja. Wakikaza nyuma peke yake inakuwa kinyume: pua chini, usukani una wasiwasi, breki inazidi kuinamisha. Shokapu za nyuma za pikipiki hizi huwa na ringi ya ngazi. Izungushe ngazi moja moja, pande zote mbili sawa, upime tena. Ringi hiyo nayo inaongeza mbano wa awali tu, kwa hiyo anayebeba abiria mzito kila siku atafika mahali ambapo nyuma nako kunataka springi ngumu.

Kuhamisha shokapu nzima za pikipiki kubwa, hasa zile zilizogeuzwa juu chini (bomba nene likiwa juu), ninaona ni njia ya gharama kuelekea tatizo lile lile. Zinakuja na ekseli nyingine, breki nyingine, urefu mwingine, na springi iliyochaguliwa kwa ajili ya pikipiki nyingine kabisa. Unene wa bomba unapendeza macho. Haukuambii chochote kuhusu ugumu wa springi iliyomo.

Siku ya kufungua, legeza kwanza vibanio vya juu, kisha kifuniko cha bomba gurudumu likiwa hewani, na uso wako usiwe juu yake, maana springi iliyobanwa huwa inakirusha. Oili ya zamani mara nyingi hutoka ya kijivu kama maji ya majivu, imejaa unga wa chuma. Isafishe hadi bomba litoe oili safi, vinginevyo sili mpya hazitadumu. Kagua mabomba kama yamepinda kwa kuyabingirisha kwenye kioo, kagua beringi za usukani, jaza upepo wa tairi kwa kiwango kilichoandikwa kwa mzigo mzito. Baadaye acha ile kamba ya plastiki mahali pake kwa siku kadhaa za kazi ya kawaida. Ikikutwa imesimama kama vidole viwili kabla ya mwisho wa safari ya shokapu, umepata. Ikikutwa imefika mwisho kila siku, pandisha oili milimita 5. Ikiwa haivuki nusu hata baada ya matuta na mashimo, springi uliyoweka ni ngumu kupita uzito wako, na gurudumu litaanza kurukaruka badala ya kushika barabara. Rudi ngazi moja chini.